Majibu ya Hospitali Niliyokuficha

Saada mwanangu,

Salamu tumepeana leo mara nyingi, na kila uliponiamkia nilikwepa macho yako, kwa hiyo niache niingie moja kwa moja. Barua hii nitakupa mwenyewe, mkononi, tukishatoka kuswali alfajiri, kabla wanawake wa kukupamba hawajaanza kugonga mlango. Nimemwambia shangazi yako Asha asimruhusu mtu kuingia chumbani kwako mpaka umalize kusoma. Ameniuliza kuna nini. Nikamwambia ni mambo ya baba na mtoto. Akasema, "Kaka, wewe tangu lini una mambo?" Akacheka, akaenda zake jikoni.

Naandika usiku, utasoma asubuhi. Nikisema kesho, ujue ndiyo leo hiyo unayosoma.

Alasiri nilikuwa uani nafunga madumu ya asali, nikakuona umefungua sanduku la marehemu mama yako. Ukatoa zile nguo za mtoto alizokuwa amezikusanya, fulana nyeupe na kofia za uzi, ukampa mjukuu wa shangazi yako, yule mwenye mimba. Nikakusikia unamwambia, "Chukua zote. Zivaliwe na wenye kuzaa." Yule binti akasema, "Da Saada, bakiza hata moja." Ukamjibu, "Nibakize nimvalishe nani, paka?" Mkacheka wote wawili. Mimi nikaingia ndani nikakaa kitandani, na chakula mlichoniletea mmekikuta kama kilivyo.

Saada, hakuna daktari aliyesema huzai. Hakuna nesi aliyesema. Maneno yale ni yangu. Niliyatunga mimi baba yako, nikayaacha yakae kichwani mwako miaka yote hii, na kesho unamkubali Bwana Mohamedi wa Ziba, mtu aliyenizidi umri mimi, kwa sababu ya maneno hayo.

Najua ukifika hapa utataka kuichana. Ichane, lakini ukishamaliza. Sitakuandikia namna ya kuishi na mume wala namna ya kukaa na wakwe, hayo somo wako ameshakufundisha na anayajua kuliko mimi. Nakuandikia nilichofanya.

Nianzie kwa mama yako, maana yote yalitokea hapo.

Unakumbuka kipindi kile watu walikuwa hawaitaji corona kwa jina. Ilikuwa "changamoto ya upumuaji". Hapa Gongoni tulikuwa tunatoka kuzika tunaingia kuzika, na ukiuliza kafa na nini, unaambiwa changamoto ya upumuaji. Mama yako alikuwa na mimba kubwa, ile ambayo majirani walikuwa wanamtania, "Mama Saada, umeamua kushindana na binti yako?" Akaanza kukohoa. Wewe ulisema siku ile ile, "Baba, tumpeleke hospitali." Nikakujibu, "We mtoto, unajua nini? Huko ndiko watu wanakokwenda kufia." Nikachemsha mwarobaini, mchaichai na malimau, nikamwinamisha kwenye sufuria, nikamfunika blanketi. Mjamzito. Chini ya lile blanketi akawa anasema, "Baba Saada, nifunue, sipati hewa." Nami nikasema, "Vumilia, ndiyo inatoka hiyo."

Alikuwa ananiambia hapati hewa, na mimi nikamwambia avumilie. Hilo nitalijibu kwa Mungu.

Wewe ndiye uliyekimbia barabarani kuita bajaji bila kuniuliza. Tulipofika hospitali mtoto alikuwa ameshafia tumboni, na mama yako hakumaliza usiku. Nesi mmoja aliniambia, wala hakunigombeza, kwamba ugonjwa ule unamchukua mjamzito vibaya kuliko mwanamke asiye na mimba, na mtoto naye anaumia kwa sababu hewa yake inatoka kwa mama, ndiyo maana wanataka waletwe mapema. Niliyasikia. Halafu nikarudi nyumbani nikawaambia watu ni mapenzi ya Mungu. Ni kweli ni mapenzi ya Mungu, lakini siku ile nililitaja jina la Mungu ili wewe usije ukasema, "Baba, si nilikwambia?" Ulikuwa umesimama kwenye nguzo ya uani, unanitazama. Hukusema. Mpaka leo hujasema.

Baada ya msiba ukaanguka wewe. Ulikuwa umemuuguza mama yako, umelala kando yake, umemfuta jasho, ungeponea wapi. Homa ikaja ikaondoka, ukabaki huna nguvu na husikii harufu ya kitu. Siku moja umeinamia sufuria ya nta jikoni, inaungua, moshi umejaa uani mpaka kwa jirani, mdogo wako Idi anapiga kelele, "Dada, inaungua! Dada!" na wewe unaendelea kukoroga tu kama hakuna kitu. Ndiyo nikajua ugonjwa ulikuingia kweli.

Na kazi hukuacha. Mama yako ndiye aliyekuwa anachuja asali humu ndani, mimi kazi yangu ilikuwa kununua kwa warina kule porini na kuuza. Alikuwa anaichuja taratibu, hapashi moto kwa haraka, ndiyo maana wateja wetu wa Dar walikuwa hawahami. Mkono huo ulikuwa nao wewe peke yako. Asali ukachuja wewe, wadogo zako ukawaogesha wewe, chakula ukapika wewe. Mimi nikaona ni sawa tu.

Sasa shangazi yako akaja siku moja, akanivuta pembeni.

"Kaka, mtoto hajaona siku zake tangu msiba."

"Unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu. Nasema muulize."

Sikukuuliza. Nilikwenda duka la dawa nikanunua kipimo cha mimba, nikakuwekea mezani mbele ya wadogo zako, nikasema, "Kapime." Ukanitazama. "Baba, mimi?" Nikasema tena, "Kapime." Ukaenda, ukarudi, ukaniwekea pale pale mezani, mstari mmoja. Ukafunga kanga yako ukarudi kwenye asali. Binti wa watu, amezika mama yake juzi, mwili wake mwenyewe haumwelewi, na baba yake anamwona malaya. Sikukuomba radhi siku ile. Nilisema tu, "Basi twende hospitali," kama vile ndiyo nimeomba.

Tukaenda, wakakutoa damu, wakakupiga picha ya tumbo, wakasema majibu tufuate siku nyingine. Siku ilipofika ukaniambia, "Nenda wewe, baba. Nina ndoo mbili za kuchuja na Shabani ana homa." Nikaenda peke yangu.

Aliyenipokea alikuwa nesi mtu mzima, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nitakuandikia alivyosema, maana kila neno ninalo, sijasahau hata nilipojaribu.

"Wewe ndiye baba yake Saada? Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, ana kazi."

"Majibu haya ni yake. Mimi na wewe tukae hapa tunazungumza nini, siku za mwanamke?"

"Mama yake amefariki. Niambie mimi."

Akashusha pumzi, akanionyesha benchi nikae. Akasema, "Kizazi chake kiko salama. Hatujaona uvimbe, hatujaona kilichoharibika. Tunawaona wengi siku hizi, wakishaugua corona siku zao zinavurugika. Mwingine zinachelewa, mwingine zinakuja nyingi mpaka anaogopa, mwingine zinakata kabisa kwa miezi. Mwili umepigwa. Na huyu wako amepigwa mara mbili, kaugua na kafiwa, na ukimwangalia unaona hali chakula, halali usingizi. Kwa wengi zinarudi zenyewe. Zikichelewa sana, mlete, tutatafuta sababu nyingine, zipo nyingi na zina dawa."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo atazaa?"

Akacheka. "Baba, mimi simwahidi mtu mtoto. Hata wewe ulipooa hakuna aliyekuahidi. Ugonjwa wenyewe ni mgeni, bado tunajifunza. Lakini sijaona kitu hapa cha kunifanya niseme hazai. Nenda kamwambie hivyo hivyo. Asikae anawaza, maana kuwaza nako kunazichelewesha."

Nenda kamwambie. Ndiyo maagizo aliyonipa, Saada.

Nakuapia, nilitoka pale nina furaha. Nilikuwa nasalimia watu ambao hata siwajui. Nilipokaribia nyumbani nikakutana na Mzee Kassimu, mshenga wa yule kijana wa Igalula, Yusufu, aliyekuwa na duka la spea za baiskeli karibu na stesheni ya huko. Akanishika mkono hauachii. "Baba Saada, Ijumaa nipo kwako. Kijana hali, hanywi, anataka jibu. Utaniulia mtoto wa watu." Nikacheka naye. Nilijua kwamba ulikuwa unamtaka. Mama yako alishaniambia. Yusufu alikuwa anatuletea karanga za Igalula kila anapokuja mjini, na wewe ulikuwa unazificha usiwape wadogo zako.

Kutoka pale alipo Mzee Kassimu mpaka mlangoni kwetu ni hatua chache tu, na sijui ni nini kilichonigeuza humo katikati. Nilifungua mlango nikakuona. Umekunja mikono ya gauni, asali inashuka kwenye kitambaa, Shabani amelala na homa yake kwenye mkeka, kichwa chake juu ya mguu wako, Idi amegeuza ndoo kuwa meza anaandika hesabu na wewe unamsahihisha huku unachuja. Nikaiona nyumba yangu yote pale mabegani kwako. Nikajiuliza, akienda Igalula, mimi nabaki na nani?

Ukainua kichwa. "Wamesemaje, baba?"

Nikasema, "Tumwachie Mungu."

Ukaweka kitambaa chini. Wewe si mjinga, unajua mtu anaambiwa hivyo lini. Ukaniuliza, "Maana yake nini? Sitazaa?"

Nilikuwa na nafasi pale. Neno moja tu lingetosha. Nikasema, "Wamesema ule ugonjwa umeharibu kizazi."

"Wamesema hivyo kweli?"

"Ndivyo walivyosema."

Halafu ukamwondoa Shabani kichwa taratibu asiamke, ukaenda chooni, ukakaa huko muda. Uliporudi ulikuwa umenawa uso. Ukachukua kitambaa ukaendelea. Hukuniuliza tena siku ile wala siku nyingine, kwa sababu uliniamini.

Ijumaa Mzee Kassimu akaja. Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, sitaki kesho na keshokutwa mje mseme niliwaficha. Yale maradhi yamemwachia binti tatizo la uzazi." Akanishukuru. Akasema, "Umekuwa mkweli, Baba Saada. Mwingine angenyamaza." Nikasifiwa. Msikitini watu wakanipa mkono kwa ukweli wangu, na mimi nikaupokea. Wewe ulichoambiwa ni kwamba kijana amebadilisha mawazo. Yusufu naye ameoa. Shangazi yako aliniambia ulipokwenda kwenye akika ya mtoto wa Yusufu walikupa umbebe, ukambeba kidogo tu, ukamrudisha kabla hajalia. Nilimwambia shangazi yako anyamaze, nasikiliza taarifa ya habari. Redio ilikuwa imezimwa.

Siku zako zikarudi. Nalo nalijua. Asha alikuja mbio, amefurahi. "Kaka, Saada kaona siku zake, na mwezi huu tena!" Nikamwambia, "Hiyo haimaanishi kitu. Daktari alishasema." Asha, ambaye anaweza kubishana na jogoo, akanyamaza. Pale ndipo nilipoona neno daktari lina nguvu gani. Nikalitumia tena na tena. Ulipotaka kurudi hospitali ukaulize, nilisema utakwenda kusikia yale yale ujiumize bure. Uongo wa namna hii hausemwi mara moja ukaisha, Saada. Mimi nilikuwa naulisha kila siku kama mfugo.

Na kuna siku ya chanjo. Mtaani watu walikuwa wanasema chanjo inafunga kizazi, mabinti wasiende. Wewe ukaenda ukachanjwa, kwa sababu ulimwona mama yako alivyokufa. Ukarudi umeshika mkono. Nilikuwa nimekaa barazani na wanaume wenzangu. Mmoja akakutania, "Saada, huogopi kufungwa kizazi?" Kabla hujajibu, nikajibu mimi: "Huyu aogope nini? Kilichokwisha kufungwa hakifungwi tena."

Wakacheka. Wewe pia ulicheka. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ujue kwamba kile kicheko chako nakisikia mpaka kesho. Nilikuwa najua ni uongo, nikaufanyia utani mbele ya watu.

Sasa ndiyo tunafika kwa Bwana Mohamedi. Alipokuja dada yake kutoka Ziba alisema wazi hapa sebuleni. Kaka yake amefiwa na mke, ana mashamba ya mpunga, ana ng'ombe, ana watoto, watoto wengine hawatafuti, anatafuta mtu mtulivu wa kumtunzia nyumba. Nikajua habari za kwako zimeshafika Ziba na ndizo zilizomleta. Nilitegemea utakataa. Mabinti wa umri wako wangemfukuza na ufagio. Wewe ukaja jioni ukakaa chini kwenye mkeka, ukaniambia, "Baba, huyu ananifaa. Hatanidai nisichokuwa nacho."

Nilitakiwa kusema palepale. Kwa nini sikusema? Nitakwambia, hata kama ni aibu. Wadogo zako wamekua, Idi anachuja asali vizuri tu, sikuhitaji tena kukuficha majibu. Nikaona ndoa hii inanifungulia mlango. Ukiolewa na mtu asiyetaka watoto, basi hakuna atakayeuliza, na mimi nitakufa nayo. Nilikuwa tayari kukutoa kwa mtu mwenye umri wa kunizidi ili tu nisiseme sentensi moja.

Miezi iliyofuata nikawa silali vizuri. Nilikwenda hospitali kumtafuta yule nesi. Wakaniambia alishastaafu. Nikamwona daktari kijana, nikamweleza. Akasema, "Mzee, siwezi kukwambia habari za mtu ambaye hayupo. Mlete mwenyewe." Nikamuuliza basi kwa jumla tu, wanawake waliougua corona, kizazi kinakufa? Akasema siku kuvurugika kwa muda wameona sana, lakini kusema ugonjwa unaua kizazi moja kwa moja, hana ushahidi wa hilo, na mwanamke akichelewa kupata mimba wanatafuta sababu, na wanampima na mume pia. Halafu akaniuliza, "Kwani huyo binti aliambiwa na nani?" Nikasema sijui. Umeona? Hata kwa mtu nisiyemjua nilidanganya.

Kwa hiyo naomba uelewe ninachokwambia na nisichokwambia. Sikwambii kwamba utazaa. Sijui, na nimeshasema vya kutosha nisivyovijua. Nakwambia kwamba walikuangalia wakakuta uko salama, wakaniagiza nikwambie, sikukwambia. Ukitaka kujua leo hii mwili wako ukoje, nenda mwenyewe, kaa kwenye lile benchi mwenyewe, uambiwe wewe. Ukiwa kwa mume, usimtume mume. Ukiwa kwangu, usinitume mimi. Mtu anayekupenda anaweza kuwa na njaa yake, na akiwa na njaa hata majibu yako anayala.

Kuhusu Bwana Mohamedi, sina baya lake. Nimekaa naye, ni mtu wa watu, anasikiliza. Kama unamtaka kwa sababu ni yeye, mtake, na mimi nitafurahi. Lakini naye kadanganywa. Anadhani anaoa mwanamke asiyezaa, na hajui kwamba unaweza kumpakatisha mtoto. Anastahili kujua kabla, na hilo ni jukumu langu, nitamwambia kwa mdomo wangu mbele ya dada yake. Wageni wa Ziba wamelala kwa shangazi yako, ni mwendo mfupi tu. Ila nakusubiri wewe. Safari hii siendi kusema habari za mwili wako kwa mtu yeyote mpaka uniruhusu.

Kama humtaki, basi humtaki. Usiwaze nyama iliyochinjwa, usiwaze sufuria zilizoazimwa mtaa mzima, usiwaze Asha atalia vipi. Nitasimama barazani niseme ni mimi niliyedanganya, si wewe uliyebadilika. Wanitukane. Nina kifua cha kutukanwa. Yusufu siwezi kukurudishia, hilo nalijua, wala sitajaribu kulipunguza. Nilichokichukua pale nimekichukua.

Wakati mwingine nafikiria, labda utaamua kutokwenda Ziba wala kubaki hapa, uondoke zako, Dodoma, Kigoma, popote treni inapokwenda, usinione tena kwa muda. Nenda. Idi na Shabani hawatalala njaa, nimeshajifunza kupika wali, ingawa Shabani anasema unafaa kujengea ukuta. Usibaki kwa ajili yetu. Tumekutumia vya kutosha.

Sasa sikiliza utaratibu wa kesho, maana huu lazima uujue.

Baada ya adhuhuri, kabla sheikh hajafunga ndoa, mimi kama walii wako nitakuja mpaka mlangoni kwako na mashahidi wawili kukuomba idhini ya kukuozesha. Sheikh amenikumbusha jana. "Akisema ndiyo, vizuri. Akinyamaza pia ni ndiyo, mabinti wana haya." Watu wote pale watategemea unyamaze. Shangazi yako alinyamaza siku yake. Mama yako alinyamaza siku yake, wakapiga vigelegele, tukaoana, tukakaa miaka yote ile, nami sijawahi kumuuliza angejibu nini.

Wewe usinyamaze, Saada. Nitakuuliza kwa sauti, nawe unijibu kwa sauti. Ndiyo, nitaisikia. Hapana, nitaisikia, na nitatoka nayo mwenyewe kuwakabili watu. Ukisema bado sijui, nataka kwanza niende hospitali, hilo nalo ni jibu, na nitawaambia wale pilau wakalale.

Lakini ukinyamaza, nitawageukia mashahidi niwaambie binti yangu hajanijibu, na hakuna ndoa itakayofungwa mpaka nimsikie.

Baba yako.